Digrii Kumi na Tisa

Kiberiti aliburutwa kilimani akivutwa miguu, kichwa kikigonga kila jiwe la njia, na aliyemvuta hakuwa na haraka hata kidogo. Nyuma yao walifuata wakata miwa wapata mia moja, kila mmoja na panga lake, kimya. Afadhali wangepiga kelele. Wapiga kelele huchoka wakaenda zao, lakini hawa walikuwa wamemaliza kelele zao zote makaburini.

Bi Hewa aliwaona kupitia dirisha la kibanda cha kituo. Aliona kwanza mapanga, halafu vumbi, halafu viatu vya mtu anayeburutwa, na vile viatu alivijua. Mkojo ukamtoka kidogo. Ndiyo, ukamtoka, na anayetaka kumcheka akasimame yeye mbele ya mapanga mia moja tumwone.

Jina la Bi Hewa walimpa haohao wakata miwa, eti ni mwanamke anayelipwa mshahara kwa kutazama hewa. Alikuwa mtunzaji wa kituo cha hali ya hewa cha shamba lile: chombo cha kupimia mvua, sanduku jeupe la vipimajoto, na juu ya mlingoti mrefu, mshale wa upepo wenye mikono ya chuma iliyoandikwa herufi za pande za dunia. Pale shambani miwa huchomwa majani kwanza ndipo ikatwe. Kila asubuhi ya kuchoma, Bi Hewa aliusoma mshale na kutaja namba kwa redio ya mkononi. Msimamizi wa moto aliipokea huko chini, mahali ambapo miwa ni mirefu kuliko mtu mara mbili na upepo huzunguka ovyo usijue unatoka wapi. Msimamizi huyo ndiye Kiberiti, na Kiberiti alikuwa kaka yake, tumbo moja.

Namba zenyewe hazina ugumu. Upepo hutajwa kwa upande unakotoka: kaskazini ni sifuri, mashariki kamili ni digrii tisini. Kwa kile kipande cha miwa kilichopakana na kambi ya wafanyakazi, sheria iliandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa karakana, na hata asiyejua kusoma aliijua: upepo ukizidi themanini, usiwashe. Chini ya themanini moto unakimbilia kwenye tope la bwawa na kufa hukohuko. Ukizidi, unakwenda kambini moja kwa moja.

Jumanne Bi Hewa alitaja tisini. Kiberiti akawasha. Watu sita waliungua, na leo ilikuwa Ijumaa.

"Toka nje, Bi Hewa," sauti ikaita.

Aliyeita ni Mzigo. Walimwita hivyo kwa sababu alibeba matita mawili ya miwa pale wenzake walipobeba moja. Mke wake alikuwa mmoja wa wale sita. Alikuwa kitandani na mguu uliofungwa plasta, na moto ulipofika aliweza kufika mlangoni tu. Mzigo ndiye aliyemtoa, na viganja vyake bado vilikuwa na malengelenge. Kwa viganja hivyo ndivyo alivyomburuta Kiberiti mwendo wote ule.

Bi Hewa akatoka. Mzigo akaachia miguu ya Kiberiti, ikaanguka chini pu.

"Jumanne ulimpa huyu namba gani?"

"Tisini."

"Rudia, wenzangu wasikie."

"Tisini."

Mzigo akampiga Kiberiti teke la mbavu. Si teke la hasira, lilikuwa teke la mtu anayejaribu kama gunia limejaa. Mbavu zikalia. "Umesikia? Dada yako mwenyewe. Tisini. Na ukutani imeandikwa themanini. Ulikuwa kipofu?"

Kiberiti alitema damu na kipande cha jino. Uso wake ulikuwa umevimba kiasi kwamba jicho moja lilikuwa limekwisha kuziba. "Mshale ule haujakaa sawa," alisema. "Tangu enzi za baba. Unazidisha kumi na tisa. Namba yoyote unayopewa unatoa kumi na tisa. Tisini ni sabini na moja. Nilitoa kama ninavyotoa siku zote. Muulizeni. Anajua."

Macho yote yakamgeukia Bi Hewa. Ni kweli, alijua. Alijua jambo moja zaidi ambalo kaka yake hakulijua, na jambo hilo lilimpanda kooni likakwama palepale.

Baba yao ndiye aliyekitunza kituo kile miaka ishirini na miwili. Alipousimamisha mshale aliupanga kwa dira, na dira haielekei kaskazini ya kweli. Kila mahali ina upotofu wake. Pale sindano huegemea magharibi kwa digrii kumi na tisa. Mzee aligundua kosa lake boliti zikiwa zimekwisha kushika kutu na nyonga yake haimruhusu tena kupanda. Basi akamfundisha mwanawe mkubwa, msimamizi wa moto: toa kumi na tisa kichwani, mambo yaishe. Yakaisha. Miaka yote hiyo hapakuungua hata banda la kuku.

Mzee alipofariki, Kiberiti alijua kituo ni chake. Uongozi ukampa mdogo wake, kwa kuwa yeye alikuwa na cheti. Walikorofishana mbele ya kabati la marehemu, nguo zake zikiwa bado zimetundikwa humo. Kaka akasema, "Umemvua baba viatu hata hajapoa." Dada akamtandika kofi na kumwambia kwamba mtu asiyejua kitu ila kuwasha kiberiti asimsumbue. Tangu siku hiyo, miezi minane, hawakusemezana. Utaratibu wa redio ni kwamba ukipewa namba unajibu "Nimesikia." Kiberiti akaacha hata hilo. Dada akitaja namba, yeye alibofya kitufe mara mbili, kwe, kwe, kisha kimya.

Na siku kumi na tatu kabla ya moto, Bi Hewa alipanda mlingotini na msumeno wa chuma, akakata boliti za baba yake, akaugeuza mshale na mikono yake hadi ule wa kaskazini ukaelekea kaskazini ya kweli, akaufunga kwa boliti mpya. Aliona fahari. Kosa la miaka ishirini na miwili, yeye kalisahihisha kwa asubuhi moja! Akaandika kwenye daftari la kituo ambalo halisomwi na mtu. Kisha akachukua redio amwambie kaka yake, kidole kikiwa tayari kwenye kitufe, na hapohapo akakumbuka kwe, kwe. Akajisemea: mwache, akinisemesha nitamwambia. Siku zile upepo ulikuwa wa arobaini, hamsini, utoe usitoe ni mamoja. Hadi Jumanne.

Hilo ndilo lililomkwama kooni.

Sasa, jamani, hapo ndipo angesema. Angesema "nimeugeuza mshale," basi. Lakini Mzigo alikuwa amekwisha kuinua panga na kumwelekezea yeye, kisha Kiberiti, kisha yeye tena.

"Nisikilizeni vizuri," Mzigo alisema. "Mmoja wenu kaniulia mke. Kama mshale uko sawa, ni huyu, kawasha kwa jeuri. Kama hauko sawa, ni wewe unayelipwa kuutunza. Maelezo sitaki. Nataka mmoja."

Bi Hewa akafumbua mdomo, akatazama ile ncha ya panga, akaufumba. Mwanamke mzima, mwenye cheti ukutani, akashindwa na maneno mawili.

Aliyeongea ni Kigingi. Huyu alikuwa mkata miwa kama wengine, lakini ujanani aliwahi kuwabebea wapima ardhi vigingi na minyororo, na hakuacha siku ipite bila kuwakumbusha watu. Alikuwa mbishi, mtu wa kubishana hata na saa ya ukutani. "Mshale unapimika," alisema. "Jua halina ndugu. Nipeni mwanzi, kamba na jiwe, nitawaonyesha kaskazini ilipo. Kisha tutaona nani mwongo."

"Muda gani?" Mzigo akauliza.

"Sasa saa tano. Saa saba tumemaliza."

"Atafanya yeye," Mzigo akasema, akimwonyesha Bi Hewa. "Wewe msimamie. Akisogeza kitu hata ukucha, niambie."

Basi Bi Hewa akapiga magoti kwenye uwanja wa kituo, chini ya mlingoti, na kuanza kazi ambayo mwisho wake aliujua. Alisimamisha mwanzi, akaunyoosha kwa timazi la jiwe na uzi. Aliweka kijiti pale ncha ya kivuli ilipogusa, akafunga kamba kwenye mwanzi, akachora duara lililopita kwenye kijiti. Sasa ni kungoja. Kivuli kitafupika hadi adhuhuri, kitaingia ndani ya duara, halafu kitarefuka upande wa pili hadi kiliguse tena. Hapo unaweka kijiti cha pili. Katikati ya vijiti viwili, kupitia penye mwanzi, ndiyo kaskazini ya kweli. Mtoto wa shule anaweza. Na kila kivuli kiliposogea, Bi Hewa alimwona kaka yake akisogea kaburini, maana mshale ungekutwa sawasawa kabisa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeunyoosha.

Alingoja polisi. Tusimfiche, hilo ndilo lililokuwa tegemeo lake: polisi waje, wamchukue kaka yake, kisha atasema yote kituoni kwao, mezani, pasipo na panga. Na polisi wakaja kweli. Yapata saa sita lori lao lilipiga honi chini ya kilima, mahali wakata miwa walipopitisha trekta katikati ya njia na kuchoma matairi. Mawe yakaanza kuruka. Risasi ikalia, mtu akapiga ukunga, risasi nyingine.

Mzigo hakukimbia. Alimwinamia Kiberiti, akamshika sikio la kushoto kama mwalimu anavyomshika mwanafunzi mtukutu, na kulikata kwa mkato mmoja. Kiberiti alilia kilio ambacho Bi Hewa hakuwahi kukisikia kwa mtu, alikisikia kwa mbuzi tu. Mzigo akampa kijana wa pembeni lile sikio. "Wapelekee. Waambie wakisogea hatua moja, kinachofuata ni kichwa."

Lori likazima injini. Chini kukawa kimya.

"Naomba nimfunge kidonda," Bi Hewa alisema. "Akifa kabla ya saa saba hutampata unayemtafuta."

Mzigo akafikiri, akatikisa kichwa kukubali. Bi Hewa akavua kitambaa chake cha kichwa, akaketi karibu na kaka yake, akaanza kumzungushia. Damu ilikuwa ya moto na haikomi. Ndiyo mara ya kwanza kumgusa tangu lile kofi.

Kiberiti alikuwa chali, na jicho lake zima lilitazama juu ya mlingoti. Aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akanong'ona, midomo haichezi, "Boliti mpya."

Bi Hewa akakaza fundo la kitambaa. Machozi yalimdondoka yakaangukia shingo ya kaka yake.

"Lini?"

"Siku kumi na tatu kabla ya moto."

Jicho likafumba, likafumbua. Bi Hewa alingoja tusi. Lingekuwa halali yake, na angelipokea kwa mikono miwili. Lakini Kiberiti alisema, "Nyamaza hivyohivyo."

"Kaka, nitawaambia."

"Nyamaza, nimesema. Mikono iliyowasha ni hii. Mimi ndiye niliyewasikia wale watu wakiungua, wewe ulikuwa huku juu. Sitaki kuishi nao masikioni." Alijaribu kutabasamu, na kwa mdomo ule lilikuwa jambo la kutisha. "Sasa wana sikio moja tu la kuingilia. Fanya kazi yako. Baba angekuwa anakuangalia angesema timazi lako limepinda."

"Halijapinda."

"Najua."

"Inatosha!" Mzigo akafoka, akamsukuma Bi Hewa kwa goti, akaanguka kifudifudi vumbini. Akanyanyuka, akarudi kwenye duara lake na damu ya kaka yake mpaka viwikoni.

Saa saba kasoro dakika chache kivuli kikaligusa duara. Kigingi alilala kwa tumbo kukihakiki. "Weka," akaamuru. Bi Hewa akaweka kijiti cha pili. Wakapima nusu kwa kamba, wakavuta uzi mrefu toka katikati hadi kwenye mwanzi na kuupitisha mbele, hadi chini ya mlingoti. Uzi ukatulia juu ya vumbi, mweupe na umenyooka.

"Sasa dira," Kigingi alisema, akiitoa mfukoni. "Wenye mapanga rudini nyuma hatua ishirini, chuma kinaichanganya sindano. Na wewe Mzigo. Usinitazame hivyo. Unataka ukweli au hutaki?"

Ungeona ajabu ya siku ile: watu mia moja waliokuja kuua wakarudi kinyumenyume wakihesabu hatua, mmoja akimwambia mwenzake ongeza moja wewe, miguu yako mifupi. Wawili walicheka. Mzigo naye akaenda kulichomeka panga lake ardhini hatua ishirini kamili, akarudi mikono mitupu.

Kigingi akaiweka dira juu ya uzi. Sindano ikatetemeka, ikahangaika, ikatua kushoto ya uzi. Akahesabu vistari kwa ukucha, mara mbili. "Kumi na tisa," akatangaza. "Hapo Kiberiti hakudanganya. Dira ya hapa inapotea digrii kumi na tisa." Watu wakaguna. Kisha akalala chali chini ya mlingoti, jicho moja limefumba, akautazama mkono wa chuma ulioandikwa herufi ya kaskazini kule juu, akaulinganisha na uzi. Alikaa hapo muda wa mtu kuvuta sigara nusu. Alipoinuka hakumtazama yeyote.

"Mkono hauko kwenye dira," alisema. "Uko kwenye uzi. Mshale uko sawa."

Kimya kile cha tangu asubuhi kikapasuka. Walimrukia Kiberiti wote kwa pamoja, kwa mateke, kwa ngumi, kwa ubapa wa mapanga, na Bi Hewa akasikia mfupa ukivunjika kama muwa unavyovunjwa gotini. Katikati ya vurugu ile kaka yake alikuwa akipiga kelele, "Ni mimi! Niliwasha kwa jeuri! Namba nilipewa sahihi, ni mimi!" Mzigo alikuwa anarudi kutoka kule kwenye hatua ishirini, panga mkononi, na watu walikuwa wanampisha.

Ndipo lile lililokwama likatoka. Halikutoka kwa ushujaa. Lilitoka kama matapishi.

"Niliugeuza! Mshale niliugeuza mimi! Haukuwa sawa, kasema kweli, haukuwa sawa miaka yote, nikaugeuza siku kumi na tatu kabla ya moto na sikumwambia! Tazameni boliti! Tazameni daftari! Alitoa kumi na tisa kwa sababu hakujua! Mwacheni!"

Wakaacha. Mmoja mmoja, waliokuwa wameinua mguu wakaushusha. Mzigo alisimama katikati, akipumua kwa mdomo.

"Hukumwambia," alisema.

"Sikumwambia."

"Kwa nini?"

Bi Hewa aliona aibu kulijibu swali lile kuliko alivyoogopa kufa. "Tulikuwa hatusemezani."

"Hamsemezani." Mzigo alilitamka polepole, kama mtu anayesoma barua ya mwingine. "Mmegombana."

"Ndiyo."

"Ilikuwa maneno mangapi? Hayo ya kumwambia."

"Mawili. Nimeugeuza mshale. Mawili."

Mzigo akaviangalia viganja vyake vya malengelenge, kimoja, halafu kingine kilichoshika panga. "Mke wangu aliniita jina mara nane," alisema. "Nilihesabu. Nilikuwa nje ya nyumba, paa limeshaanguka. Mara nane." Akamshika Bi Hewa nywele, akampeleka mbele ya kaka yake na kumpigisha magoti. "Mwambie sasa."

Kiberiti alikuwa amekaa, ameegemea mlingoti, mkono mmoja umening'inia usivyopaswa. Bi Hewa akamtazama lile jicho moja. Alitaka kumwambia mengi, kwamba kofi lile lilimuuma yeye zaidi, kwamba kila asubuhi alipotaja namba alikuwa akingoja sauti yake kama mgonjwa anavyongoja kupambazuke. Lakini aliambiwa maneno mawili.

"Kaka," alisema. "Nimeugeuza mshale. Usitoe tena kumi na tisa."

"Nimesikia, mdogo wangu," Kiberiti akajibu. "Nimesikia."

Bi Hewa akainamisha kichwa, akazisogeza nywele zake kando, shingo ikabaki wazi. "Mwenye kosa ni mimi," akamwambia Mzigo. "Umempata uliyemtaka. Huyu mwache." Na hakuogopa tena, kwa hakika hakuogopa. Alijiona amemrudisha kaka yake kwa mdomo wake mwenyewe, na hilo lilimtosha.

"Ni wewe," Mzigo alikubali. "Lakini mimi sikuungua, Bi Hewa. Kosa lako halikunigusa mimi hata unywele. Lilimpata asiyekuwa na kosa, na mimi nikaachwa nimsikilize."

Bi Hewa akaelewa. Akaruka, akanyoosha mikono, lakini mtu aliyepiga magoti haruki mbali. Panga lilipita juu ya vidole vyake. Alihisi upepo wake tu.

Mzigo alimpiga Kiberiti mara moja. Kisha akalitupa panga juu ya ule uzi mweupe, akaketi chini, akanyoosha mikono yake mbele ili atakayekuja amfunge. Wakata miwa walianza kuteremka kilima bila kuambiwa, wakitembea haraka na hawatazamani. Kigingi alibaki amesimama na dira mkononi, akisema "sivyo, sivyo," hakuna aliyekuwa akibishana naye.

Bi Hewa alikuwa amempakata kaka yake alipoisikia sauti. Ilitoka kiunoni mwa Kiberiti, kwenye redio yake, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima.

"Kituo, kituo, hapa ofisini. Matairi ya barabarani yameshika majani, moto unaelekea miwani. Tupeni upepo. Kituo, mnanipata?"

Ikarudia mara ya pili. Bi Hewa akaichomoa redio, ikamteleza kwa damu, akaifuta kwenye gauni. Akatazama juu. Mshale ulikuwa umetulia.

"Sitini na nane," alisema. "Mshale uko sawa. Msitoe kitu."

"Tumesikia," ofisi ikajibu, ikakata.

Polisi walimkuta bado ameishika redio sikioni, na walipotaka kumnyang'anya aliwaomba wangoje kidogo. Wakamuuliza anangoja nini. Akawaambia kaka yake hajabofya.